Nishikie Mgeni Wangu

Kusoma vizuri nilijifunza nikiwa mtu mzima, na kompyuta nilijifunza nikiwa mzee, kwa hiyo sioni haya kusema kwamba kazi ya kutafuta ukoo wetu niliifanya mwenyewe bila kushikwa mkono. Nilikuwa mpiga chapa. Mchana nilipanga herufi kiwandani, jioni nilikwenda shule ya watu wazima na wino ukiwa bado chini ya kucha. Miaka ya mwisho kabla ya kustaafu ni mimi niliyesoma nakala ya kwanza na kutia alama kwenye makosa kabla mtambo haujaanza kuzunguka. Kosa likinipita, siku hiyo chakula hakikupita kooni. Dada yangu mkubwa aliniita Profesa wa Jioni. Alisema kwa kejeli, lakini aliwaambia na majirani.

Tulikuwa tumebaki wawili tu. Wazazi walikufa zamani, mke wangu ametangulia, wanangu wako mbali na hupiga simu wakikumbuka. Dada hakuolewa. Aliishi mwisho wa mtaa, katika nyumba ndogo yenye mlango wa bluu aliokuwa akiupaka rangi upya kila ulipofifia, na kila Jumapili alasiri nilikwenda kwake kunywa chai. Ndiye aliyenibeba mgongoni, ndiye aliyenifunza kufunga kamba za viatu, na hadi leo nikikohoa mbele yake hunyoosha mkono kunigusa shingo aone kama nina homa.

Nilipomwambia kwamba nataka kuwaachia wanangu mti wa ukoo uliokamilika, alicheka bila kufungua mdomo.

"Aliyelala usimwamshe," akasema.

"Nikimwamsha?"

"Utalala wewe."

"Dada, hiyo ni methali ya wavivu."

"Na wewe ni mwerevu wa mshumaa, Profesa. Unamulikia wengine, mwenyewe unateketea. Kunywa chai."

Nilikunywa chai, na Jumatatu nikaenda maktaba.

Hifadhi ya nyaraka ilikuwa imeweka katalogi yake kwenye mtandao. Watu wengi hawaijui katalogi ni kitu gani. Wanadhani ni nyaraka zenyewe. Katalogi ni kama ubao wa vyakula ukutani: unakuambia kuna nini jikoni, haukushibishi. Kila jalada lina mstari wake mmoja, nao unataja namba, kichwa cha habari, mwaka, ofisi lilikotoka, na kama unaruhusiwa kulisoma. Basi. Lakini anayejua kuusoma mstari huo hupata mengi. Makarani wa zamani waliandika majina jinsi sikio lilivyowaambia, kwa hiyo usiandike jina zima. Weka nyota mahali pa herufi unayoitilia shaka. Anza na ofisi kabla ya mtu, na mtaa kabla ya nyumba. Kwa njia hiyo nilimpata babu aliyekuwa amefichwa na herufi moja tu, na bibi aliyeandikwa kwa jina la mumewe wa kwanza, ambaye hakuna aliyewahi kututajia. Nilijisikia mtu. Mkutubi, mama mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, alinitengea kiti karibu na dirisha, na wasomaji wengine wakaanza kuniuliza maswali.

Siku moja, kwa kujifurahisha tu, niliandika jina langu mwenyewe.

Ilikuja mistari miwili. Wa kwanza ulikuwa wa kuzaliwa kwangu: majina yangu yote, jina la baba, jina la mama, mtaa ule wa kwanza tuliokaa kabla hatujahama. Wa pili ulikuwa na majina yaleyale, wazazi walewale, mtaa uleule, na tarehe ileile ya kuzaliwa. Mbele yake karani alikuwa ameandika: Amefariki. Miezi minane. Homa.

Nilicheka kwa sauti hadi mkutubi akanyanyua miwani.

"Kuna nini, mzee?"

"Nimekufa, mama. Tena zamani, na hakuna aliyenipa taarifa."

"Pole sana. Basi marehemu, ukiondoka usisahau kuzima kompyuta."

Chini ya kila mstari wa katalogi kulikuwa na nafasi ya maelezo ya wasomaji. Msomaji aliyejiandikisha aliweza kusahihisha kosa, mradi ataje uthibitisho na shahidi aliye hai. Mkono uliniwasha. Ni mazoea ya kazi. Kosa limekaa mbele yangu, na kalamu ninayo. Niliandika hivi:

"Kuna kosa. Mtoto huyu hakufa. Ni mimi ninayeandika, niko hai na nina wajukuu. Nyumbani naitwa Mgeni. Mwilini nina alama niliyokuwa nayo tangu utotoni. Shahidi ni dada yangu mkubwa aliyenilea."

Nikaandika jina lake kamili na mtaa wake, na kwa kuwa nyumba haina namba, nikaongeza: mlango wa bluu. Nilisoma tena na tena. Hapakuwa na kosa hata la nukta. Nikabofya.

Kuhusu hilo jina la Mgeni. Mtoto akizaliwa, watu husema tumepata mgeni, kisha mtoto hupewa jina lake na ugeni unaisha. Kwangu haukuisha. Mama aliniita Mgeni hadi siku anakufa, na akiwa na furaha aliniimbia, "Mgeni njoo, mwenyeji apone," huku akinivuta sikio la kushoto, hili lisilo na ncha. Alisema panya alining'ata nikiwa nimelala. Nilipenda kuwaonyesha watoto wenzangu.

Jumapili nilimsimulia dada kama kichekesho. Nilisubiri hadi amimine chai kwanza.

"Dada, serikali iliniua nikiwa na miezi minane, ikasahau kuniambia."

Hakucheka. Aliweka birika mezani taratibu, kama linaweza kuamka.

"Umeyaona wapi hayo?"

"Kwenye katalogi. Karani alikosea. Nimeshasahihisha."

"Umesahihisha vipi?"

"Nimeandika kwamba niko hai. Nimekuweka wewe shahidi."

"Umeandika jina langu?"

"Jina, mtaa na mlango wako. Wanataka shahidi anayepatikana."

"Na nani anasoma hayo?"

"Dunia nzima, dada! Ndiyo maana ya mtandao."

Aliinuka. Mchana kweupe, jua likiwa bado juu ya mabati, alikwenda kuufunga mlango wa bluu kwa komeo, kisha akavuta pazia ambalo sijawahi kuliona limefungwa.

"Futa," akasema.

"Lakini ni kosa la..."

"Mgeni. Futa."

Alinitoa kwa mlango wa nyuma, kama mtoto aliyevunja sahani. Njiani nilikuwa na hasira. Nilijiambia uzee umeanza kumchezea. Lakini nilipofika kwangu niligundua nami nimefunga mlango kwa komeo, na sikukumbuka nimelifunga saa ngapi.

Kesho yake nilikwenda maktaba kufuta. Chini ya maelezo yangu kulikuwa na jibu.

"Ndugu msomaji, shikamoo. Samahani kwa swali. Hiyo alama unayoisema, je, ni sikio la kushoto, lililokosa ncha?"

Nilisoma kama ninavyosoma nakala ya kwanza, herufi kwa herufi. Nikarudi kwenye maelezo yangu. Neno sikio halikuwamo. Nilikuwa nimeandika alama tu.

Katalogi ile inamruhusu mtu kuona maelezo mengine aliyoyaandika msomaji yuleyule. Nilibofya. Msomaji huyo alikuwa ameandika mahali pengine pamoja tu, chini ya jalada la polisi la mji ule tuliokaa kwanza. Kichwa chake kilisema: Mtoto wa kiume, aliyechukuliwa katika zahanati mama akiwa dirisha la dawa. Hajapatikana. Mwaka ulikuwa ule wa kufa kwangu. Mwezi ulikuwa unaofuata. Na chini ya kichwa, msomaji alikuwa ameandika maneno machache: "Sisi ni ndugu zake. Bado tunatafuta."

Feni iliendelea kuzunguka juu yangu. Mtu mmoja alikuwa akifunua gazeti, na kila ukurasa ulipogeuka nilishtuka.

Nilimwita mkutubi nikamwomba anisaidie kufuta maelezo yangu. Aliinama akatazama, harufu ya sabuni ikinijia.

"Haya yameshapokelewa, mzee. Yameingia kwenye kumbukumbu."

"Nimekosea."

"Wewe? Wewe uliyenisahihisha tangazo la choo?" Akatabasamu, kisha akauona uso wangu, tabasamu likaondoka. "Unaweza kuandika maelezo mengine chini yake, useme umekosea. Lakini ya kwanza yatabaki. Hapa tunafuta vumbi tu, maandishi hatufuti."

Nilikaa mbele ya kile kisanduku cheupe. Ningeweza kuandika: shahidi amefariki. Maneno mawili tu. Nimepanga maneno maishani mwangu kuliko ninavyoweza kuhesabu, mengine ya uongo mtupu, ya wanasiasa na wauza dawa za nywele, na mkono haukutetemeka. Siku ile nilishindwa hata kuandika herufi ya kwanza. Nilijua nikimuua dada yangu katika katalogi, atabaki amekufa humo. Tena, niseme ukweli, kuna sehemu yangu iliyokuwa imeshashikwa na lile neno ndugu, na haikutaka kuliachia.

Nilikwenda moja kwa moja mlango wa nyuma wa dada. Nilimkuta jikoni amekaa kwenye kigoda, kanga imekunjwa mapajani, hana anachofanya. Sijawahi kumkuta mikono yake haina kazi.

"Wamejibu," akasema. Hakuuliza.

"Wameuliza kuhusu sikio."

Akafumba macho.

"Hakuwa panya," akasema. "Ulizaliwa hivyo. Nililiona pale pale kwenye benchi. Nikafikiri, huyu naye ana kasoro, labda kumkosa hakutamuuma sana mama yake. Fikiria akili ya mtoto."

Kisha akanisimulia, bila kunitazama, kama anayesoma kilichoandikwa sakafuni.

Mdogo wetu, mwenye jina ninalolitumia mimi, alikufa kwa homa. Mama hakulia. Alikaa kitandani amekunja mkono kama amembeba mtu, na maziwa yakawa yanatoka yenyewe, yanalowesha nguo, huku yeye akimnyamazisha mtoto asiyekuwepo. Baba alishinda kazini makusudi. Dada, msichana wa shule ya msingi, ndiye aliyepika, aliyefua, aliyembadilisha mama zile nguo. Siku moja alitumwa zahanati kumchukulia mama dawa ya kukausha maziwa. Foleni ilikuwa ndefu. Kando yake kwenye benchi alikaa mama mmoja kijana mwenye mtoto. Jina la yule mama lilipoitwa dirishani, alimtazama dada, akaona binti aliyevaa sare safi, akamwamini.

"Aliniambia, mwanangu, nishikie mgeni wangu nikachukue dawa." Dada aliikunjua kanga, akaikunja tena. "Hivyo tu. Nishikie mgeni wangu. Akanipa wewe. Ulikuwa mzito, na joto. Na mimi sikupanga, Mgeni, wallahi sikupanga. Niliinuka kukubembeleza, nikafika mlangoni. Mlangoni kukawa na ngazi. Ngazi zikaisha. Nikawa barabarani."

"Na mama?"

"Mama hakuuliza kitu. Alifungua kifua. Ulivyonyonya, ndipo akalia kwa mara ya kwanza tangu msiba. Baba aliporudi akauliza, huyu ni nani? Nikasema lile neno nililoambiwa mimi. Nikasema, ni mgeni. Mama akasema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Baba alitutazama wote, akatoka, akarudi na mkokoteni. Hatukulala tena kwenye ile nyumba."

Nikataka kumuuliza mengi. Nikataka kumpiga. Nikataka akohoe nimguse shingo. Badala yake simu yangu ilitetemeka mfukoni, kwa sababu katalogi hutuma taarifa kila mtu anapokujibu. Hilo nalo nililiwasha mwenyewe, kwa kupenda maendeleo.

"Soma," dada akasema. "Kwa sauti. Wewe ndiye msomi."

Nikasoma.

"Kaka, kimya chako kimetujibu. Usiogope, wala usikimbie. Mama yetu alituambia siku zote kwamba aliyekuchukua atakuwa amefiwa, kwa sababu mwenye mtoto haibi mtoto. Ndiyo maana tangu katalogi hii ifunguliwe nimekuwa nikipitia vifo vya watoto wachanga wa miezi ile, mmoja mmoja, nikiacha alama niarifiwe, nikingoja mmoja wao afufuke. Umefufuka wewe. Mama yu hai. Haoni tena lakini anakumbuka. Hataki polisi. Anachotaka ni kukutana na yule msichana. Jina lake tumeliona, na mlango tumeusoma. Tuko njiani."

Maji ya bomba yalikuwa yanadondoka kwenye karai. Dada aliinuka akalikaza.

"Twende kwangu," nikasema. "Sasa hivi, kwa nyuma. Nitawaambia umehama. Nitawaambia sijui."

"Kwako hawajui?"

"Niliandika cha kwako tu."

"Ulijificha vizuri, Profesa." Nusura acheke. Kisha akanitazama, na nikaona anachokiogopa. Na haikuwa jela. Kwa umri ule, jela ni kitanda tu. "Ukitoka na mimi kwa mlango wa nyuma, utakuwa umewaacha hao kwa mlango wa mbele. Utanisamehe leo. Keshokutwa je? Utakaa unikodolee macho, unywe chai yangu, ukimfikiria mama kipofu aliyesimama nje. Nikikupoteza, nikupoteze mara moja."

"Hunipotezi."

"Wewe hukuwa wangu wa kupoteza. Ndiyo maana nimekulinda hivi. Unadhani kwa nini sikuolewa? Ningekwenda kwa watu, halafu nani angebaki kuangalia mlangoni?"

Aliingia chumbani. Alipotoka alikuwa amevaa gauni lake la mazishini na amechana nywele. Alipanga viti sebuleni, vyote vikitazama mlango, akavifuta kwa upindo wa kanga japo havikuwa na vumbi. Kisha akasimama nyuma yangu. Ndivyo tulivyokuwa tukisimama utotoni mtu tusiyemfahamu akija, isipokuwa siku hizo yeye alikuwa mbele.

Gari lilisimama nje. Milango yake ilifungwa taratibu, kwa adabu, na adabu ile ndiyo iliyonitisha. Nilisikia fimbo ikigusa ardhi, ikipapasa, ikipata ukuta, ikifuata ukuta. Sauti ya mwanamke ikasema kwa chini, "Hapa, mama. Ni wa bluu." Fimbo ikagonga ubao. Niliufahamu ubao ule vizuri, nimeupiga msasa mwenyewe, na sijawahi kuusikia ukilia vile.

"Hodi," ikasema sauti nyingine, kongwe, nyembamba kama uzi.

Mwanga chini ya mlango ulikatwa na miguu.

"Hodi, mwanangu."

Mimi ni mzee mwenye wajukuu, na neno hilo lilinivuta hatua moja mbele. Nilidhani ananiita mimi. Nikafungua mdomo kuitika. Lakini sauti iliendelea, na haikuwa inaongea na mimi hata kidogo. Ilikuwa inaongea na binti wa sare safi kwenye benchi.

"Samahani nimechelewa," ikasema. "Dawa nimeipata. Sasa nipe mgeni wangu."

Niliweka mkono kwenye komeo. Mgongoni nikahisi kiganja cha dada kikinisukuma kwa upole kuelekea mlangoni, kama anavyosukumwa mtoto asiyetaka kuingia darasani. Mkono wake wa pili ulikuwa umelishika shati langu kwa nyuma, umelikunja ngumi, na haukuachia.